Wasikupe Pole Tu: Jinsi ya Kuchagua Shida ya Kuandikia Insha ya Maombi ya Chuo

Wakifika kwenye swali la kikwazo walichowahi kukutana nacho, wanafunzi wengi huanza kuhesabu misiba. Nani alifariki, nani aliugua, lini nyumba ilikosa amani. Kisha huchagua lile lililouma kuliko yote, wakiamini kwamba msomaji ameshika mizani na nafasi atapewa mwenye mzigo mzito zaidi. Nimekaa na vijana wengi wakiandika insha hizi, na karibu kila mara kazi yangu ya kwanza huwa ni kuwaondoa kwenye mizani hiyo. Insha ikiisha na msomaji hana la kusema zaidi ya "pole sana", amekuonea huruma lakini hajakujua. Akimaliza, unataka ajue unavyofikiri, unachofanya mambo yakiharibika, na utakuwa mtu wa namna gani darasani na bwenini.

Kwa hiyo tafuta shida ambayo ndani yake wewe unaonekana. Yapo mambo mazito ambayo mhusika wake haonekani kabisa, na yapo madogo yanayomwonyesha mtu mzima mzima. Kazi hii ipe wiki mbili kama unazo. Ukiwa na siku chache tu, usiruke hatua ya nne na ya tano.

Hatua ya 1: Jua swali linakudai nini

Soma swali kwa sauti, kisha piga mstari chini ya vitenzi vyake. Chukua swali la kikwazo kwenye Common App, fomu inayopokelewa na vyuo vingi vya Marekani. Linakudai mambo matatu: simulia wakati ulipokutana na changamoto au uliposhindwa, eleza jambo hilo lilikuathiri vipi, na eleza ulijifunza nini. Maneno yasipungue 250 wala kuzidi 650. Tazama mgawanyo huo: tukio lenyewe ni dai moja kati ya matatu. Tena swali hilo ni moja tu kati ya saba, na la mwisho ni mada huru. Hakuna aliyekulazimisha kuandika juu ya shida. Kama lipo jambo ambalo ukilizungumza tu uso unachangamka, andika hilo, na usidhani umepoteza chochote kwa kukosa machozi.

Chuo Kikuu cha California kina utaratibu wake. Maswali ni manane, unajibu manne, na kila jibu halizidi maneno 350. Swali lake la changamoto linataka hatua ulizochukua, na linauliza waziwazi jinsi changamoto hiyo ilivyoathiri masomo yako. Nimeona majibu mazuri yaliyosahau sehemu hiyo ya masomo kabisa, na yaliposomwa upya ilibidi mada ibadilishwe kwa sababu ile ya kwanza haikugusa shule popote.

Uingereza ni habari nyingine. Kwa wanaoomba kuanza mwaka 2026 na kuendelea, maelezo binafsi ya UCAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vya huko, yamegawanywa katika maswali matatu, jumla herufi 4,000: kwa nini unataka kozi hiyo, masomo yako yamekuandaa vipi, na umefanya nini kingine nje ya masomo kujiandaa. Hapo shida inaingia ikiwa tu njia yake inaelekea kwenye kozi. Kama kuna hali iliyovuruga masomo yako, sehemu yake ipo kwenye maelezo ya mwalimu anayekupendekeza. Mwone mapema, umpe tarehe na ukweli wote anaohitaji.

Hatua ya 2: Yanayohitaji maelezo, yaweke panapostahili

Kuna shida za kueleza na kuna shida za kusimulia. Ulilazwa miezi miwili na alama zikashuka: kamati ya udahili inahitaji kulijua hilo, lakini inalihitaji kwa sentensi nne au tano kavu. Nini kilitokea, lini, kwa muda gani, hali ikoje sasa. Kulivuta jambo hilo hadi lijaze insha nzima ni kuipoteza nafasi pekee uliyopewa ya kuzungumza kwa sauti yako.

Kwenye Common App, tangu msimu wa maombi wa 2025/2026, kuna sehemu maalumu ya changamoto na hali za maisha yenye nafasi ya maneno 250. Inagusa mambo kama kulea ndugu, kukosa mahali tulivu pa kusomea, kuhamahama, ugonjwa, misukosuko ya familia na vita. Ukishajaza hapo, insha yako inakuwa huru. Nimeona kijana akishusha pumzi alipotambua kwamba habari ya baba yake kufukuzwa kazi inaweza kukaa kwenye kisanduku hicho kwa sentensi tatu, na insha akaiandika juu ya jambo jingine kabisa. Kama fomu yako haina sehemu hiyo, mwalimu au mshauri anayekuandikia barua anaweza kuibeba habari hiyo kwa niaba yako, na mara nyingi ikitoka kinywani mwake inaaminika zaidi.

Hatua ya 3: Andika orodha bila kuchuja

Chukua karatasi na kalamu, uiweke simu mbali. Andika mistari ishirini, kila mmoja ukiwa na jambo moja lililokuwa gumu. Usiulize kama linafaa. Ukikwama kwenye mstari wa saba (wengi hukwama hapo), jiulize: ni kitu gani nilikiogopa mwaka jana ambacho leo nakifanya bila kufikiri? Ni lini niliomba radhi na nikaimaanisha? Nani alinikosoa nikakasirika, kisha baadaye nikaona alikuwa sahihi? Ni kazi gani ya nyumbani ambayo nisipoifanya mimi haifanyiki? Nimewahi kuacha kitu gani nilichokipenda?

Maswali haya huleta vitu ambavyo swali la "shida yako kubwa ni ipi" haliwezi kuvileta.

Sasa chagua mada mbili au tatu zinazokuvuta, na kila moja uiandikie dakika 15 kwa siku nne, bila kujali sarufi wala kumfikiria msomaji. Nimeuazima mpango huu kutoka kwa wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall, ambao mwaka 1986 walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo walioandika juu ya mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikuwa na huzuni zaidi mara baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walikwenda kumwona daktari mara chache zaidi. Basi usishangae ukiinuka mezani ukiwa mzito. Kama uzito huo hauondoki, iache mada hiyo na uzungumze na mtu unayemwamini. Insha haina thamani ya kukurudisha shimoni.

Uchambuzi wa baadaye wa Pennebaker na wenzake ndio unaotufaa zaidi hapa. Walionufaika sana na kuandika ni wale ambao, siku hadi siku, maneno yao ya sababu na ya utambuzi yaliongezeka. Soma karatasi zako nne kwa pamoja. Je, kufikia siku ya nne kuna "kwa sababu", "ndipo nilipoelewa", "kumbe" nyingi kuliko siku ya kwanza? Mada inayozalisha "kumbe" ina kitu ndani yake. Ile iliyoandikwa kwa maneno yaleyale siku zote nne bado haijakupa la kumwambia mtu mwingine, hata kama ndiyo inayouma zaidi.

Hatua ya 4: Maswali manne kwa kila mada

La kwanza: nani anatenda? Chukua rangi mbili. Kwa rangi moja weka alama kila kitenzi ambacho wewe ndiye mtendaji, kwa nyingine weka alama kila ulipotendwa. Kiswahili kinakurahisishia kazi hii kwa sababu kauli ya kutendwa husikika mara moja: nilipigiwa simu, niliambiwa, nilihamishwa, nilipelekwa, niliachwa. Ukurasa uliojaa vitenzi hivyo unasimulia maisha ya watu wengine yakikupitia wewe. Huenda ni kweli tupu, na huenda ulikuwa na umri wa miaka sita na hukuwa na uwezo wa kutenda lolote. Lakini kamati inamtafuta aliye upande wa pili: nikauliza, nikakataa, nikapanga, nikakosea, nikarudia. Hata kama insha itaandikwa kwa lugha nyingine, jaribio hili lifanye kwa lugha unayofikiria, kwa sababu huko ndiko vitenzi vyako vya kweli vilipo.

La pili: unaweza kuulizwa? Vyuo na wafadhili wengine huita waombaji kwenye usaili, na lililo kwenye insha linaruhusiwa kuulizwa. Keti mbele ya mtu usiyemzoea sana, akuulize maswali mawili juu ya mada hiyo. Sauti ikitetemeka kidogo, si kitu. Ukishindwa kuendelea, mada hiyo bado ni yako peke yako.

La tatu: siri ni ya nani? Siri ya mtungi aijuaye kata, na wewe ndiye kata la nyumbani kwenu. Umeona ulevi wa mjomba, madeni ya wazazi, mimba ya dada. Ulikuwepo na yalikugusa, lakini mtungi si wako. Mwombe mhusika ruhusa, au andika sehemu yako bila kumvua nguo. Mara nyingi unaweza kusema "nyumbani mambo yalikuwa magumu mwaka ule" kisha ukaendelea na ulichofanya, na msomaji asikose kitu. Nina msimamo mkali kwenye jambo hili: nafasi ya chuo haitoshi kuwa bei ya heshima ya mama yako. Na jiulize kama ungeridhika yeye akiisoma insha hiyo akiwa peke yake sebuleni.

La nne: bado linatokea? Shida inayoendelea inaruhusiwa, ila chagua kipande chake ambacho kimekwisha kutokea na umekwisha kukielewa. Na kama jambo lenyewe ni kupigwa, kudhalilishwa au kufikiria kujidhuru, na bado lipo, mwambie mtu mzima unayemwamini leo, kabla ya insha.

Hatua ya 5: Punguza mada mpaka ishikike mkononi

Hapa ndipo insha nyingi zinapookolewa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukua mwanafunzi ambaye mada yake ni "ugonjwa wa mama". Hiyo si mada, ni bahari. Maelfu ya waombaji wamesimama ufukweni mwake na wote wanasema maneno yaleyale: niliogopa, nikawa imara, nikajifunza thamani ya familia. Mwambie apunguze mara moja. Anasema: mwaka ambao mimi ndiye niliyekuwa nampa mama dawa. Nafuu. Apunguze tena. Anafikiri, kisha anakumbuka usiku mmoja ambapo dawa ilitolewa mara mbili, kwa sababu yeye alimpa saa mbili na shangazi akampa tena saa tatu bila kujua. Hakuna aliyedhurika, lakini hakulala. Apunguze tena. Kesho yake alibandika karatasi ukutani yenye safu za dawa na saa, na kila anayetoa dawa aweke alama. Karatasi ikashindwa baada ya siku mbili, kwa kuwa mdogo wake, ambaye naye alikuwa akisaidia, hakujua kusoma. Akaichora upya: jua kwa dawa za asubuhi, mwezi kwa za usiku, na rangi ya kifuniko cha chupa pembeni.

Sasa tuna mada. Inaitwa karatasi ya ukutani. Ugonjwa utatajwa kwa sentensi mbili, na msomaji atauhisi wote. Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Huwezi kumfanya mgeni alale kitandani kwako, lakini unaweza kumwonyesha kunguni mmoja kwa ukaribu. Jua na mwezi vilivyochorwa kwa kalamu ya rangi vinafanya kazi hiyo kuliko aya tatu za majonzi.

Tazama pia kile ambacho karatasi hiyo inatuambia juu ya kijana huyu bila yeye kujisifu. Alikiri kosa ambalo kwa sehemu lilikuwa lake. Alitengeneza utaratibu, ukashindwa, akajiuliza umeshindwa kwa nani, kisha akautengeneza kwa ajili ya mtu huyo. Akimalizia kwa kusema kwamba hadi leo kwenye maabara huandika kipimo kabla ya kugusa chupa, na kwamba akieleza jambo kwenye kikundi cha masomo humtazama kwanza yule asiyeelewa, tunajua atakavyoishi na wenzake chuoni.

Fanya hivyo na mada yako: punguza mara tatu, hadi ufike kwenye kitu, chumba au saa moja. Kipimo changu ni kwamba kwenye insha ya maneno 650, tukio lote liweze kusimuliwa kwa maneno 150 au 200. Likihitaji zaidi, bado ni pana.

Mada zinazohitaji uangalifu

Kifo cha mtu wa karibu hugeuka haraka kuwa wasifu wa marehemu. Tunamaliza kusoma tukimpenda babu, na babu hakuomba chuo. Kama ni lazima kwako, anza siku arobaini baadaye, au mwaka mmoja baadaye, pale ambapo watu wameshaondoka na wewe umebaki na jambo la kufanya.

Kuumia michezoni na kurudi uwanjani kumeandikwa sana. Sikatazi, ila iandike tu kama ulichogundua ukiwa benchi hakihusu kurudi uwanjani.

Umaskini unaniumiza kuusoma unapoandikwa kama ombi la msaada. Mwanafunzi anajichora mnyonge kwa sababu anadhani ndivyo wafadhili wanavyotaka. Andika hesabu zako, mbinu zako, jinsi ulivyogawa muda na taa. Mtu aliyekuwa akisoma kwa mwanga wa kuazima ana akili ya kupanga ambayo wengine hawajawahi kuihitaji. Hiyo ndiyo habari.

Afya ya akili si mwiko, na sikubaliani na wanaosema isitajwe kamwe. Lakini maelezo ya dalili yawe mafupi, na nafasi kubwa ipewe kile kinachokusaidia sasa na jinsi unavyotambua mapema unapohitaji msaada.

Ubaguzi nao una nafasi yake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipozuia vyuo kutumia rangi kama kigezo cha udahili mwezi Juni 2023, uamuzi huohuo ulisema vyuo havikatazwi kuzingatia maelezo ya mwombaji kuhusu jinsi rangi ilivyoathiri maisha yake, mradi yaunganishwe na sifa au uwezo wake binafsi. Maana yake kwako ni ileile ya hatua ya nne: tukio peke yake halitoshi, lazima wewe uonekane.

Kama huoni shida yoyote

Wapo wanaokuja na aibu: nyumbani kulikuwa na amani, ada ililipwa, wote wako hai. Wengine hufikia kubuni msiba. Usithubutu. Ni uongo, na insha haisomwi peke yake. Kuna barua za walimu, kuna alama, kuna usaili, na habari isiyolingana huonekana. Vivyo hivyo kuipa programu ya akili mnemba iandike kisa chako: Common App inahesabu kuwasilisha kazi ya programu hizo kama yako kuwa udanganyifu, na zaidi ya hapo programu haijui kifuniko cha chupa kilikuwa rangi gani.

Rudi kwenye orodha yako ya mistari ishirini. Swali lilisema kikwazo, halikusema janga. Kigugumizi kinachokufanya uogope kupiga simu ni kikwazo. Kuwa mtu wa mwisho kuelewa hesabu katika kikundi cha marafiki hodari ni kikwazo. Kugundua kwamba rafiki yako wa miaka minane amechoka nawe, na kwamba ana sababu, ni kikwazo, tena kinahitaji ujasiri kuandikwa. Usikikuze. Kiite kwa ukubwa wake, na msomaji atakuamini.

Hatua ya 6: Jaribu kwa sentensi kumi

Kabla ya rasimu nzima, andika sentensi kumi tu kwa kila mada iliyobaki. Mbili kwa kilichotokea, tano kwa ulichofanya na ulichofikiri, tatu kwa kilichobadilika. Ukiona tano za katikati zinakushinda, umepata jibu lako kwa gharama ndogo.

Wape watu wawili wasome: mmoja anayekujua vizuri na mmoja asiyekujua. Usiwaulize kama ni nzuri, maana watasema ndiyo. Anayekujua muulize, "Huyu ni mimi?" Asiyekujua muulize, "Umejua nini juu yangu?" kisha unyamaze. Akianza na "pole", msubiri. Kama baada ya pole hana kitu, rudi hatua ya tano. Akisema "wewe ni mtu wa kurudia mpaka iwe sawa", au akiuliza "mdogo wako aliielewa ile michoro?", umefika.

Ukibaki na mada mbili na zote zimepita, andika aya ya mwisho ya kila moja kabla ya kuandika kitu kingine chochote. Chukua ile ambayo aya yake ya mwisho ina jambo unalolifanya hadi wiki hii. Nyingine ihifadhi pamoja na orodha yako. Vyuo vingi huongeza maswali yao mafupi zaidi ya insha kuu, na hapo utaihitaji.